Ndege wa baharini: hatari i kiotani na kwenye ndoana

Mvuvi wa jodari hutazama juu kabla ya kutazama maji. Akiona kundi la buabua, ndege wa baharini, likizunguka na kushuka, anajua jodari wako chini wanawasukuma samaki wadogo juu. Kwa hiyo jodari wakivuliwa kupita kiasi, buabua nao hukosa wa kuwapandishia chakula.

Baadhi ya buabua hao hutaga Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo tambarare cha matumbawe kusini mashariki ya Unguja. Buabua wa mgongo mweusi hutaga yai moja tu, juu ya ardhi tupu, kisha kinda akisharuka hukaa baharini miaka kadhaa ndipo arudi kutaga. Kapu moja la mayai yaliyookotwa, au panya wachache walioshuka chomboni, ni pengo lisilozibika msimu unaofuata. Hata kupita tu katikati ya viota kunadhuru: wazazi wakiruka, jua kali huyaua mayai.

Watu hudhani mafuta yanayomwagika ndiyo adui mkuu. Sivyo. Duniani kote, wanyama walioletwa visiwani, hasa panya na paka, ndio wanaogusa aina nyingi zaidi za ndege hawa, wakifuatiwa na zana za uvuvi na mabadiliko ya tabianchi. Karibu theluthi moja ya aina zote zimo hatarini kutoweka.

Albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wana hali mbaya zaidi: aina 15 kati ya 22 zimo hatarini. Hufuata chambo mishipi mirefu yenye ndoana nyingi inapotupwa, wakanasa na kuzama nayo. Dawa yake ipo, na si ghali. Mwaka 2012, kwa eneo lililo kusini ya latitudo 25 Kusini, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilizitaka meli za mishipi mirefu zitumie angalau njia mbili kati ya tatu: kutega usiku, kufunga vizito kwenye mishipi, na kuburuta kamba zenye riboni za kuwatisha ndege. Namibia ilizifanya kamba hizo kuwa lazima mwaka 2015, na vifo kwenye mishipi yake vikapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Ndege akinasa, mvuvi amfunike kichwa kwa kitambaa bila kumziba pua, amshike mdomo, aisukume ndoana mpaka ncha itokeze, aikate ncha hiyo, kisha airudishe ndoana nyuma. Ndege akiwa ameimeza ndoana, mvuvi asiivute. Aukate mshipi karibu kabisa na mdomo.