Maji ya Nairobi hayafiki digrii 100: maswali na majibu kuhusu sufuria, chai na jiko

Jina Nairobi lilitokana na Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani mahali pa maji baridi. Wamaasai walikuwa wakizungumzia mto, lakini ukichovya kipimajoto ndani ya sufuria inayotokota South B au Kasarani, utaona jina hilo linafaa hata jikoni.

Ni kweli maji ya Nairobi huchemka kabla ya kufika digrii 100?

Kweli. Katikati ya jiji ni takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani, hivyo inayakandamiza maji kidogo, na mvuke unapata nafasi ya kutoka mapema. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100, Nairobi kwenye takriban 94. Limuru, iliyo juu zaidi, hushuka tena kidogo.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kuongeza moto hakubadilishi kitu. Maji yanayotokota polepole na yale yanayorukaruka hadi kumwagikia jiko yana joto lile lile. Gesi unayoongeza inageuka mvuke tu.

Kwa hiyo maji ya kunywa yachemke kwa muda gani ndipo yawe salama?

Dakika moja tangu mapovu makubwa yaanze kupanda mfululizo kutoka chini ya sufuria. Digrii 94 zinatosha kabisa, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huanza kufa kwa wingi maji yanapopita digrii 70. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama Limuru, pendekezo ni dakika tatu. Kuchemsha dakika ishirini "ili kuwa na uhakika" ni kuchoma pesa.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne kabla ya kuyaweka motoni.

Mara nyingi kosa hutokea baada ya kuchemsha. Maji humiminwa kwenye ndoo pana, mtoto akaja na kikombe alichotoka kukichezea, akachota na kuzamisha vidole. Hapo maji yamerudi yalikotoka. Yahifadhi kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba au chombo chenye bomba chini. Mimina, usichote. Na mtungi wenyewe uoshwe ndani kwa sabuni kila unapojazwa upya. Utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ni utando wa bakteria, na maji yaliyochemshwa yakikaa humo hayafaidi.

Maji ya kisima cha kuchimbwa yanaachia watoto meno ya kahawia. Nikiyachemsha zaidi itasaidia?

Hapana, utayaharibu zaidi. Rangi hiyo husababishwa na floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano, nayo ni mingi katika visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa. Madini hayana uhai wa kuuawa na moto. Mvuke hutoka ukiwa safi na floridi hubaki sufuriani. Piga hesabu: lita 2 za maji yenye miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani, zina miligramu 3. Yachemshe hadi zibaki lita moja na nusu, na kila lita sasa ina miligramu 2. Umevuka mpaka ukidhani unasafisha. Dawa ya klorini pia haigusi floridi.

Wanaoathirika meno ni watoto hadi miaka minane hivi, wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia juzi meno yake hayabadiliki, ila kunywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kuharibu mifupa na viungo.

Cha kufanya: muulize mwenye nyumba au mwenye lori la maji karatasi ya maabara, na utazame mstari wa floridi, usiishie kwenye neno "salama". Maji ya mvua hayana floridi ya maana, kwa hiyo nusu kwa nusu na ya kisima hupunguza kiwango karibu nusu (hayo ya mvua ndiyo uyachemshe). Mitambo ya kuchuja kwa utando mwembamba sana, ile inayotumiwa na wauzaji wengi wa maji ya kujaza mitungi, huondoa sehemu kubwa. Nakuru hutumia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Mkaa wa kawaida wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Mbona githeri huku inachukua nusu ya siku?

Kwa sababu ya zile digrii sita zilizopungua. Kuua vijidudu hakuzihitaji, lakini kulainisha punje kavu ya mahindi kunazihitaji sana. Sufuria ya presha hushinda mlima kwa kuufungia mvuke, joto likapanda zaidi ya digrii 110.

Bila presha, loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kila kimoja kwenye chombo chake. Mwaga maji ya kulowekea. Anza na mahindi peke yake kwa saa moja hivi, ndipo uongeze maharagwe na maji mapya yazidi punje kwa vidole vitatu. Yatokote kwa nguvu kwanza, kisha funika na upunguze moto. Ukiongeza maji, yawe ya moto. Nyanya zingoje hadi maharagwe yaive, kwani uchachu wake hukaza ganda na utakesha.

Kuna maharagwe ambayo hayataiva hata ukiyapikia mkutano wa kanisa. Yamekaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu, na ganda limebadilika. Ukiona saa tatu zimepita na bado yanalia chini ya jino, lawama ni ya muuzaji.

Je, maharagwe yasiyoiva vizuri yanadhuru, au ni gesi tu tumboni?

Maharagwe mekundu yanadhuru kweli. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa moja hadi tatu, kisha kuhara. Mtego uko kwenye moto mdogo mno: maharagwe yaliyopashwa kwenye digrii 80 bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Ndiyo maana tunasisitiza yatokote kwa nguvu mwanzoni, angalau nusu saa kwa Nairobi, kabla ya kupunguza moto. Jiko la makaa linalokaribia kuzima si mahali pa kuanzia maharagwe mekundu.

Na magadi je?

Yanalainisha, hilo halina ubishi. Magadi yanayeyusha gundi inayoshikilia chembe za ganda. Lakini pia yanaharibu vitamini B1, yanaongeza sodiamu kwa mwenye shinikizo la damu, na, hapa ndipo wengi hushtuka, huwa na floridi ile ile tuliyokuwa tukiikimbia kisimani. Nyumba yenye maji ya kisima na mboga za magadi kila siku inawapa watoto dozi mbili. Loweka tu. Magadi yawe ya siku moja moja.

Maziwa hufurika kabla hayajatokota. Nikiyaepua yanapopanda mara ya kwanza, yameiva?

Kwa kawaida ndiyo, mradi uliyakoroga. Maziwa hupanda kwa sababu mafuta na protini hufanya utando juu, mvuke ukakosa pa kutokea, ukauinua. Wakati huo yamepita digrii 90. Kiwandani maziwa hupashwa hadi digrii 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, na hiyo inatosha kuua vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi. Mbinu hiyo ina jina la Louis Pasteur, Mfaransa ambaye miaka ya 1860 hakuwa akihangaikia maziwa hata kidogo. Alikuwa akitafuta kwa nini divai inaharibika. Usipokoroga, chini ni moto na juu bado. Pitisha mwiko hadi chini, yapande, punguza, yapande tena, epua.

Bruselosi ndiyo ya kuogopa kwa maziwa mabichi. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, na mgonjwa hutibiwa malaria au homa ya matumbo mara mbili tatu kabla mtu hajauliza anakunywa maziwa gani. Mwambie daktari mwenyewe, usingoje kuulizwa.

Kugandisha maziwa yawe mala hakumalizi vijidudu hivyo kwa uhakika. Kwa hiyo mala ya nyumbani ianze na maziwa yaliyochemshwa: lita moja, yapoe hadi uweze kuzamisha kidole safi bila kusikia moto wala baridi, ongeza vijiko viwili vikubwa vya mala nzuri ya dukani, koroga, funika, acha saa 12 hadi 24. Mwezi wa Julai izungushie blanketi, la sivyo itakaa siku mbili bila kuganda na bakteria wengine watawahi. Ikitoa mapovu, rangi ya waridi au harufu ya uozo, mwaga.

Kile ambacho moto hautoi kwenye maziwa ni mabaki ya antibiotiki aliyodungwa ng'ombe, na sumu ya aflatoksini inayotokana na malisho yaliyoota ukungu.

Chai na chakula pamoja, kuna ubaya?

Kwa mwenye upungufu wa damu, upo. Mmea wa chai ulipandwa Kenya mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na leo ni shida kupata meza ya Nairobi isiyo na kikombe. Ila tanini za majani hushikana na madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe, ndengu na mboga, na kikombe kimoja cha chai nzito pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma unachopata humo kwa zaidi ya nusu. Kuzidisha maziwa si suluhisho. Sogeza chai saa moja kabla au baada ya kula, na ukamulie ndimu kwenye ndengu au ule chungwa baada ya mlo, kwani vitamini C hufanya kinyume cha tanini. Mjamzito, msichana aliyeanza hedhi na mtoto mdogo ndio wa kuangaliwa zaidi.

Ninapenda chai ikiwa moto kabisa. Koo si limezoea?

Kuzoea maumivu si kupona. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi digrii 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Hoja ni joto, hata kama kikombe kina maji matupu. Chai iliyomiminwa moja kwa moja kutoka sufuriani iko juu ya mpaka huo. Iache dakika tano au zaidi, au uimimine kutoka kikombe hadi kikombe mara mbili tatu kama wafanyavyo vibandani. Kipimo kisicho na kifaa: funda la kwanza ukishindwa kulituliza mdomoni bila kuvuta hewa, bado.

Chupa ya chai ndiyo hupotosha, maana chai inatoka na joto lake. James Dewar aliivumbua London mwaka 1892 ili kutunza gesi zilizogandamizwa hadi zikawa kimiminika, zenye baridi isiyo na kifani. Chai haikumpitia akilini. Lakini chupa ya maziwa na chai ina tatizo la pili. Ikishuka chini ya digrii 60, mbegu za bakteria zilizoponea kwenye moto huamka. Imalize ndani ya saa nne. Fungua kizibo, kikaushe kikiwa wazi, kwani harufu ya chupa huanzia kwenye mpira wa kizibo, si kwenye kioo.

Naweza kuacha githeri kwenye jiko la makaa ndani ya chumba usiku kucha?

Usithubutu. Makaa yaliyoiva, mekundu, yasiyotoa moshi, ndiyo watu huyaamini, na hayo hayo hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo hushika himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, damu ikazunguka mwilini ikiwa haibebi kitu. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kwa chumba kimoja. Jiko libaki nje hadi majivu yawe baridi mkononi, hata baridi ya Julai iumize.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Kinachotofautisha sumu hii na homa ni kwamba inawakumba wote chumbani kwa wakati mmoja, na mtu akitoka nje anapata nafuu. Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango na madirisha, mburute nje kwanza, jiko baadaye, mlaze ubavu kama anapumua, piga 999 au 112 na umfikishe hospitali yenye oksijeni. Usimnyweshe maziwa. Sumu hii imeingia kwa mapafu, haiko tumboni, na aliyezimia ukimtilia maziwa mdomoni yatamkaba.