Je, wajua kwa nini mashine ya fundi aliyefariki Marekani inauzwa bei ya simu?

Ukikaa Ohio, Indiana au Michigan kwa muda utazoea kuona, kuanzia Alhamisi jioni hivi, vibao vidogo vimechomekwa kwenye kona za barabara vina mshale unaoingia mtaani. Ukiufuata unafika kwenye nyumba ambayo mwenyewe kafariki, au kahamia kwenye makazi ya wazee, na kila alichoacha kinauzwa humohumo ndani, kuanzia masufuria mpaka makoti yaliyotundikwa kabatini. Wenyewe wanaita esteti seli. Siyo mnada, hakuna wa kupandishiana bei, kila kitu kimebandikwa karatasi ya bei na wewe unaingia mlango wa mbele kama unaingia dukani, unapita sebuleni, jikoni, chumbani. Watu wengi wanaishia kwenye vyombo vya udongo na mikufu. Mimi nikifika nauliza kwanza mlango wa kushuka chini uko wapi.

Maana nyumba nyingi za kule zina chumba kizima chini ya ardhi, na kama mzee alikuwa fundi wa kiwandani basi maisha yake yote yako huko. Unakuta mashine ya kukereza, yaani ile inayozungusha kipande cha chuma kwa kasi huku kisu kinakichonga taratibu, mashine ambayo kwetu trekta likikatika shafti mwenye trekta anasafiri hadi mji mwingine kumtafuta fundi anayeimiliki. Kuna jiliwa, kuna keekee ya kusimama, kuna masanduku na masanduku ya biti. Halafu unaangalia bei, unarudi kuiangalia tena, ni bei ya simu nzuri tu. Sasa swali ni hilo, imekuwaje?

Kwanza elewa anayeuza ni nani. Mara nyingi watoto wa marehemu wanaishi majimbo mengine, wamekuja kuzika na wana kazi ya kurudi, kwa hiyo wanamkabidhi nyumba mtu wa kazi hiyo ambaye anachukua asilimia yake kwenye mauzo. Huyo anachotaka ni nyumba iwe tupu ifikapo Jumapili jioni. Siku ya kwanza bei ni ile ya karatasini, kesho yake inashuka, siku ya mwisho vitu vingi vinakwenda kwa nusu bei. Na yeye anazijua saa za ukutani, anazijua pete na viti vya zamani, lakini ukimuuliza hiki kichuma ni cha nini atakwambia sijui ila kinaonekana cha zamani. Siyo kwamba hajali, ni kwamba siyo fani yake.

Pili, uzito. Mashine ya kukereza ya kampuni ya South Bend, ile ndogo ya inchi 9, ambayo ndo mashine unayoikuta sana majumbani, ina kilo 200 hivi. Mashine ya milingi ya Bridgeport, yaani ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ambayo ilianza kutengenezwa Connecticut mwaka 1938, inafika karibu kilo 900. Na iko chini ya ardhi, na ngazi ni ya mbao, nyembamba, ina kona. Kwa hiyo kila anayeitamani anapiga hesabu ya mgongo wake kabla ya hela, wengi wanaondoka. Cha kukumbuka ni kwamba haikujengewa mle ndani, mzee aliishusha vipandevipande na itapanda vipandevipande: kwa ile ya kukereza unafungua mota, unafungua kichwa kinachozungusha chuma, unafungua kigari kinachobeba kisu, inabaki reli yenyewe ambayo watu watatu wenye kamba na ubao imara wanaimudu. Piga picha kila hatua kabla hujalegeza bolti hata moja.

Tatu, umeme, na hapa ndo wengi wanakimbia bila sababu. Nyumba za Marekani zinapata umeme wa fezi moja, volti 120 na 240, wakati mashine iliyotoka kiwandani mara nyingi mota yake ni ya fezi tatu. Ukiichomeka nyumbani haifanyi kazi, basi inaonekana mbovu. Siyo mbovu. Kuna kidude cha kielektroniki kinachochukua fezi moja na kutoa tatu, kinafungwa ukutani, na kwa mota ndogo bei yake siyo ya kutisha, na faida juu yake unapata kurekebisha kasi ya mota kwa kuzungusha kitufe.

Ila sababu kubwa kuliko zote ni historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1979 viwanda vya Marekani vilikuwa na wafanyakazi kama milioni 19.5, kufika 2010 walikuwa wamebaki chini ya milioni 12, na kazi ya kukereza iliyobaki ikahamia kwenye mashine zinazoongozwa na kompyuta. South Bend Lathe ilianzishwa 1906 na ndugu wawili mapacha wa ukoo wa O'Brien pale South Bend, Indiana, na mashine zake zilijaa mashuleni, gerejini na kwenye karakana za jeshi. Ukibahatika utakuta ina kibati kidogo cha shaba kinachosema imetengenezwa kwa kufuata amri za War Production Board, bodi iliyosimamia uzalishaji wakati wa vita vya pili vya dunia. Watu waliojifunzia kazi kwenye hizo mashine ndo hao wanaoondoka sasa, mmoja mmoja, na chini ya nyumba zao mashine zinabaki bila mikono ya kuzirithi. Kwa hiyo bei imeshuka kwa kukosa anayejua kuitumia, chuma chenyewe hakijapungua thamani hata chembe.

Lakini bei ndogo isikupofushe, kuna mashine imechoka kweli. Usidanganyike na rangi, rangi hupakwa Jumamosi moja tu. Angalia reli, zile njia mbili ambazo kigari kinachobeba kisu kinateleza juu yake. Kazi nyingi ni fupi na zinafanyikia karibu na kichwa chenye taya zinazobana chuma, kwa hiyo kigari kimekwenda na kurudi hapohapo miaka hamsini, na huko mbali upande wa kulia hakijafika mara nyingi. Basi reli inaliwa upande mmoja. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kifaa: sogeza kigari mpaka karibu na kichwa, kaza skrubu zake mpaka kiwe na uzito kidogo mkononi, halafu kisogeze taratibu kuelekea kulia. Kikienda kwa uzito uleule mpaka mwisho, hiyo mashine ina miaka mingi mbele. Kikianza kuwa kizito katikati na kugoma kabisa huko mbele, reli imeliwa pale ilipofanyia kazi, na kuinyoosha upya ni gharama inayozidi bei uliyoinunulia. Pitisha na ukucha pembeni mwa reli karibu na kichwa, ukisikia kingazi umeshapata jibu. Namba ya mashine imegongwa kwenye reli yenyewe upande wa kulia, futa grisi uiandike, inasaidia kujua umri.

Sasa masanduku. Fundi wa Marekani vifaa vya kupimia alinunua kwa hela yake, kwa hiyo alivichora jina au herufi zake visipotee kazini, na utayakuta hayo majina kwenye kila kitu. Wengi waliviweka kwenye sanduku la mbao lenye droo zilizotandikwa kitambaa cha kijani, kampuni ya Gerstner ya Dayton, Ohio inayatengeneza tangu 1906. Maikromita, yaani vifaa vya kupimia unene, za kampuni za Starrett au Brown & Sharpe utakuta wachuuzi wameshaziwahi alfajiri, wao wanayajua hayo majina. Vitu vinavyobaki ni vile visivyo na sura. Kuna kisanduku kimoja cha mbao ndani kina vipande vya chuma vya mstatili vimepangwa kama meno, mara nyingi 81, na kwa mtu asiyejua ni kama vipande vya kuchezea tu. Hivyo ni vipande vya kupimia alivyobuni Carl Edvard Johansson, Mswidi wa Eskilstuna, mwishoni mwa karne ya 19. Vimesagwa vikawa tambarare kiasi kwamba ukivisafisha viwili na kuvitelezesha kimoja juu ya kingine vinagandana, hakuna sumaku wala gundi, na unaunganisha kadhaa kupata kipimo chochote unachotaka. Ukiviona chukua viwili uvijaribu, vikigandana bado ni vizima. Na visishikwe na mkono wenye jasho, alama ya kidole inageuka kutu kesho yake.

Tatizo moja la kweli kwa anayefikiria kuipeleka mashine nyumbani Afrika Mashariki ni hizi inchi. Umeme unarekebishika, mota ya mizunguko 1725 kwa dakika kwenye umeme wao wa hezi 60 ukiileta kwenye hezi 50 yetu inashuka kwenye 1437 hivi, unabadili puli au mota maisha yanaendelea. Lakini skrubu ndefu inayovuta kigari wakati wa kukata hesi za bolti imekatwa kwa inchi, hesi 8 kwenye inchi moja, maana yake kila mzunguko kigari kinasogea milimita 3.175. Na bolti zetu ni za milimita. Utapataje milimita 2.5 kamili, umbali wa hesi moja hadi nyingine kwenye bolti ya milimita 20, kutoka kwenye 3.175?

Dawa yake ni gia moja yenye meno 127. Inchi ni milimita 25.4 kamili, na 25.4 ukiizidisha mara 5 unapata 127, na 127 haigawanyiki kwa namba yoyote zaidi ya moja na yenyewe, kwa hiyo huwezi kuipata kwa kuunganisha gia ndogondogo, lazima iwe yenyewe. Ukiweka gia ya meno 100 na ya 127 katikati, 3.175 mara 100 gawa kwa 127 ni 2.5, siyo karibu na 2.5, ni 2.5 yenyewe. Hesabu hii ikinikaa kichwani huwa nafurahi kila mara.

Shida ni kwamba hiyo gia haikai kwenye mashine. Fundi anaivua akimaliza, anaitupia chini ya meza, na siku ya kusafisha nyumba inaingia kwenye ndoo ya chuma chakavu pamoja na misumari. Mwaka juzi nilimuuliza mama mwenye nyumba, mjane, kama mzee wake alikuwa na magia mengine popote, akasema hajui ila kuna makopo ya kahawa kule nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto ambayo mzee hakutaka yaguswe. Tukaenda naye. Kopo la tatu lilikuwa na gazeti limelowa mafuta, nikalifungua, nikaanza kuhesabu meno kwa kalamu nikitia alama kila la kumi.

Yalikuwa 127.