Kurudia si kurudisha

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa tuisheni, hapa Ngamiani, Tanga, alinifungulia daftari akasema, "Mwalimu, iteresheni nimeimaliza, nimerudia mara tano." Fanksheni niliyompa ilikuwa nyepesi: gawa namba kwa 2, kisha jumlisha 6. Kaingiza 1, kapata 6.5. Kaingiza 2, kapata 7. Hivyo hivyo mpaka 5. Hesabu zote sahihi, na iteresheni hamna hata moja. Huyu ni wa nne tangu shule zifunguliwe.

Maana tuimalize upesi. Fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja, moja tu, kwa kila namba iliyoingia. (Wapo wanaoiita "kazi", wakamwacha mtoto akijiuliza kazi gani hiyo.) Iteresheni ni kulichukua lile jibu ukaliingiza tena kwenye kanuni ile ile, kisha jibu la jibu, ukaendelea.

Tatizo liko kwenye kitenzi. Asili yake ni Kilatini, iterum, yaani "tena", kwa hiyo ukisema "kurudia" utadhani umepatia. Lakini kurudia, kwa masikio yetu, ni kuanza upya. Aliyerudia darasa anasoma yale yale ya mwaka jana. Anayerudia swali analiuliza kama alivyoliuliza kwanza. Ninachotaka mimi ni kurudisha: kilichotoka mlangoni kiingie tena ndani kikiwa vile kilivyotoka.

Na hili neno "rudi", tulilolitoa kwenye Kiarabu, lina mambo. Mzee humrudi mtoto aliyekosa adabu. Nguo nayo hurudi: bibi yangu akisema kanga imerudi, si kwamba ilikuwa safarini, ni kwamba imefuliwa ikapungua. Mimi iteresheni nimeielewa kwenye kanga ya bibi kuliko kwenye kitabu chochote. Ukifua kanga kumi, kila moja mara moja, umerudia kufua. Ukifua kanga moja mara kumi, maji ya leo yanaikuta kama ilivyoachwa na maji ya jana. Tena kanga mpya hurudi sana siku ya kwanza, kidogo siku ya pili, mwisho inatulia.

Sasa ichukue fanksheni ya yule kijana, uanze na 4. Unapata 8. Rudisha 8, unapata 10. Kisha 11, kisha 11.5, kisha 11.75. Hatua zinapungua nusu kwa nusu, na namba inaisogelea 12. Ukianza na 12 yenyewe, inatoka 12: imeshatulia, ifue utakavyo.

Hapo ndipo inapoingia intavali, kipande cha mstari wa namba, nayo ina ugomvi wake. Mtu akikwambia nyumba iko kati ya barabara ya 8 na ya 12, je, ya 12 imo? Mtaani tunaelewana kwa kuonyesha kidole. Kwenye hesabu lazima useme, maana ukiiacha 12 nje, namba zako zote zinaikimbilia sehemu ambayo haimo ndani ya kipande chako. Na kipande kisichagulike ovyo. Kutoka 0 hadi 12, fanksheni yetu inatoa majibu kati ya 6 na 12, yote yanarudishika. Lakini jaribu "kipeuo cha pili, toa 1" ukianza na 4: unapata 1, kisha 0, kisha hasi 1, na hapo umekwama, hasi 1 haina kipeuo cha pili kwenye namba hizi tunazotumia. Kurudia ungeweza, kwa namba nyingine. Kurudisha huwezi.

Halafu kuna ile alama, f yenye 2 ndogo juu yake. Kwenye iteresheni maana yake ni kurudisha mara moja: kwa 4 ni 10. Wengi wanachukua jibu la kwanza, 8, wanalizidisha kwa lenyewe, wanaandika 64. Siwalaumu sana, kwa sababu kwenye sini, ile fanksheni ya pembe, alama hiyo hiyo huwa ni kuzidisha kweli. Waliotuachia alama hizi hawakutuonea huruma.

Yule kijana sikumwekea mkasi. Nilimwambia, "Mwanangu, hili ni jedwali zuri la fanksheni, lihifadhi. Iteresheni tuifanye ukurasa wa pili. Andika 1 juu, uache zile namba nne nyingine." Akaandika 1, akapata 6.5, kalamu ikaanza kuelekea 2. Nikamwekea kidole juu ya 6.5.