Takioni Haikuuvuka Mpaka wa Mwanga

Kila tunapofika kwenye nadharia maalumu ya uhusianifu, ile ya Einstein kuhusu mwendo na mwanga, wanafunzi wangu wa fizikia hapa Tabora huuliza jambo lilelile, na siku hizi hata wazazi wao huniuliza: "Mwalimu, ikiwa wanasayansi wenyewe wanazungumzia takioni, chembe iendayo kasi kuliko mwanga, je, kinachotuzuia si udhaifu wa injini zetu tu?"

Hapana, na dhana hii hunikera kuliko zote kwa sababu huwafanya vijana waamini kwamba sheria ya maumbile ni upungufu wa mafundi. Katika kiharakishi kikubwa cha chembe cha CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, protoni zimekwisha kupewa nishati inayokaribia mara 7,000 ya ile iliyomo katika masi yake, na bado zikabaki nyuma ya mwanga kwa takriban mita 3 kwa sekunde. Ukiongeza nishati, pengo hilo hupungua lakini halifutiki, kwa kuwa kuifikia kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde, kungehitaji nishati isiyo na kikomo.

Takioni, kama mwanafizikia Gerald Feinberg alivyoieleza mwaka 1967, haikuongezewa mwendo hadi ikaupenya mpaka wa mwanga. Iko ng'ambo ya mpaka huo tangu mwanzo wake. Mraba wa masi yake ni hasi, na kwa hiyo ikipoteza nishati huzidi kwenda kasi, ilhali kuipunguza mwendo hadi kasi ya mwanga kungedai tena nishati isiyo na kikomo. Anayetaka kulielewa jambo hili aache video kwanza, achukue karatasi, aandike mlinganyo wa nishati wa nadharia hiyo na kuweka v (kasi ya chembe) kubwa kuliko c (kasi ya mwanga), kisha atazame kinachotokea chini ya alama ya kipeuo.

Ugumu wa kweli uko kwenye mfuatano wa sababu na matokeo. Ishara ikitoka Tabora na kufika Kigoma kwa kasi inayouzidi mwanga, anaweza kuwapo mtazamaji, asafiriye polepole kuliko mwanga, ambaye kwa saa zake ishara hiyo imepokelewa Kigoma kabla ya kutumwa Tabora. Kwa ishara za namna hiyo ingewezekana kupanga jibu limfikie muulizaji kabla hajauliza. Ndiyo maana wanafizikia wengi hawatarajii kuiona takioni, na hakuna jaribio lililowahi kuigundua.

Wapo wanaonitajia nyutrino, chembe nyepesi mno, za mwaka 2011, zilizodaiwa kutoka CERN na kufika Gran Sasso, Italia, nanosekunde 60 (sehemu 60 za bilioni za sekunde) mapema mno. Suala hilo lilikwisha mwaka 2012, ilipobainika kwamba kebo ya nyuzi za kioo haikuwa imeunganishwa sawasawa. Vipimo vilivyofuata havikuonyesha kasi yoyote inayozidi ya mwanga.

Mng'ao wa buluu katika maji ya vinu vya nyuklia nao hauthibitishi takioni. Elektroni pale huupita mwanga ulio ndani ya maji, ambamo kasi ya mwanga hushuka hadi takriban robo tatu ya ile ya katika ombwe (mahali pasipo na kitu chochote), wala elektroni hizo hazifikii kasi ya mwanga katika ombwe.