Kuunganisha Si Kubandika

Nimeletewa tena grafu ileile: klorofili (rangi ya kijani ya mimea) ya bahari tangu 1997, nukta za SeaWiFS, zikafuata za MODIS, kisha za VIIRS, vyote vihisi vya setilaiti, mstari mmoja umepigwa katikati, na chini yake maneno kwamba fitoplanktoni, vijimea vidogo mno vya majini, wanapungua. Hapana! Mteremko ule unaanza pale kihisi kimoja kilipompokeza mwenzake.

Setilaiti haipimi klorofili. Inapima mwanga, na kwenye buluu takriban asilimia 90 ya mwanga huo ni wa angahewa, si wa majini. Tunauondoa huo, na kwa salio tunakadiria klorofili kutokana na rangi ya maji. Ndiyo maana kosa la asilimia 0.5 katika urekebishaji wa kihisi hugeuka kosa la asilimia 5 hivi katika mwanga uliotoka majini. Nani ataona badiliko la hali ya tabianchi ndani ya kosa kubwa hivyo?

Vihisi pia huchakaa. SeaWiFS ilikuwa ikigeuzwa kila mwezi kuutazama Mwezi, kwa kuwa uso wake haubadiliki, na boya la MOBY karibu na Lanai, Hawaii, hutupa kipimo cha majini. Hayo yanajulikana.

Kinachopuuzwa ni hiki: bendi ya kijani (urefu wa wimbi la mwanga ambao kihisi hupima) ya SeaWiFS ni nanometa 555, ya MODIS 547, ya VIIRS 551, ya MERIS, kihisi kingine, 560. Si rangi moja. Lazima kwanza uzihamishie kwenye bendi za kihisi kimoja, kisha ulinganishe vihisi katika miaka vilipokuwa angani pamoja, mahali kwa mahali, msimu kwa msimu, maana tofauti yao Januari siyo ya Julai. Halafu kuna mapengo. MERIS iliponyamaza 2012, sehemu zilizoonekana kila siku zilipungua, na wastani wa eneo zima unaweza kusogea hata kama bahari yenyewe imetulia.

Hata hivyo, silali kwa amani. Nikisahihisha VIIRS kwa kufuata MODIS iliyozeeka ya setilaiti ya Aqua, nimeirithisha uchakavu wake. Boya moja kwenye maji maangavu haliniambii mengi kuhusu maji ya matope ya mlangoni pa mto. Na CZCS, kihisi cha zamani kilichofanya kazi kuanzia 1978 hadi 1986, hakikukutana angani na SeaWiFS hata siku moja. Nimejaribu kukiunganisha na vingine mara kadhaa. Kila njia ilinipa mwelekeo wake, na sijathubutu kuchapisha hata mmoja.