Safu ya hewa: kile setilaiti inachokiona juu ya mji

Ukisikia kwamba setilaiti imepima uchafuzi wa hewa wa Dar es Salaam, neno la kulishika ni safu. Ndiyo inayopimwa: hewa yote iliyosimama juu ya kipande cha ardhi, kuanzia kwenye lami hadi juu kabisa angani.

Chukua Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017. Huzunguka dunia ikiwa kilomita 824 juu, na haigusi hewa yetu hata kidogo. Inachopokea ni mwanga. Miale ya jua hushuka, hugonga mabati na lami, hurudi juu, na njiani kila gesi hunyonya rangi zake. Naitrojeni dayoksaidi, inayotoka kwenye injini za magari na mitambo inayochoma mafuta, hunyonya sana mwanga wa buluu. Ndiyo maana ikijaa hewani anga hugeuka hudhurungi. Kifaa huuchambua mwanga uliorudi, rangi kwa rangi, na kutokana na upungufu wa buluu kiasi cha gesi hukadiriwa. Kupima hivyo bila kugusa ndiko kuhisi kwa mbali.

Mchana gesi hii haimalizi saa nyingi hewani, hivyo haiendi mbali na ilikotoka, na ramani zake huonyesha miji waziwazi. Mwanzoni mwa 2020, shughuli zilipofungwa kwa sababu ya korona, ilionekana ikipungua juu ya Wuhan, kisha kaskazini mwa Italia.

Sasa mipaka ya setilaiti hii, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kipande kimoja cha picha ni takriban kilomita 5.5 kwa 3.5. Kariakoo na Upanga zinaweza kuangukia humo pamoja zikapewa namba moja, ingawa muuza matunda wa kando ya kituo cha daladala na aliyekaa chini ya mwembe Upanga hawavuti hewa moja. Tena setilaiti hupita mara moja tu kwa mchana, yapata saa saba na nusu. Foleni ya saa moja asubuhi imeshapita, na jiko la mkaa la jioni halijawashwa. Mawingu yakitanda, hewa ya chini yake haionekani.

Chembechembe za moshi na vumbi, zile laini zisizozidi mikromita 2.5 zinazofika ndani kabisa ya mapafu, ni ngumu zaidi. Setilaiti huona jinsi zinavyoufifisha mwanga, lakini kipimo hicho peke yake hakisemi kama ziko puani mwako au kilomita mbili juu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kinahusu hewa tunayoivuta, si safu nzima.

Kwa hiyo vipimo vya chini havikwepeki. Huko Kampala, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipimo vidogo hata kwenye bodaboda, vikisoma moshi palepale dereva anapokwama nyuma ya lori.