Chuma hakigeuki chenga kwa mtetemo, acheni hiyo

Kila mwenye boti anayeniletea shafti ya propela iliyokatika, awe wa Mwaloni au katoka Ukerewe, maelezo ni yaleyale: fundi, mtetemo wa injini umegeuza chuma kuwa chenga ndo maana kimekatika. Anakuonyesha pale palipokatika, panang'aa kama sukari. Jamani hapana. Chuma ni kristali, yaani hizo chembe mnazoziita chenga, tangu kilipoganda kutoka kwenye uji wake, hata shafti mpya ina chembe hizohizo.

Ndani ya kila chembe atomi zimejipanga kwa safu, ila kuna safu zinaishia njiani, hizo kasoro ndo dislokesheni. Sasa shafti ikizunguka huku imepinda kidogo, labda bushi imelika au propela iligonga jiwe, kila mzunguko inavutwa na kubanwa, dislokesheni zinaenda zinarudi mpaka ufa unaanza kwa nje, mara nyingi kwenye kona ya mfereji wa kii (kile kipande cha chuma kinachofunga propela kwenye shafti), kwenye mkwaruzo, kutu, au pale mlipochomelea. Angalia kipande chako vizuri, upande laini wenye mistari ya upinde ndo ufa ulikopita taratibu, upande wa chenga ndo uliokatika siku ya mwisho kwa mara moja. Chenga zikiwa eneo dogo ujue mzigo haukuwa mkubwa, ufa umekula muda mrefu hakuna aliyekagua!

Kwa hiyo usiniambie nichomelee. Kereza mpya, kona ya mfereji iwe na mviringo, piga msasa mikwaruzo yote iishe, halafu shafti na injini zikae mstari mmoja. Na kupumzisha boti hakuzibi ufa.

Wengine wanataka chuma kisicho na kasoro hata moja, kumbe kasoro zenyewe zina kazi. Mwaka 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mtu kivyake, walieleza kwamba metali inapindika kirahisi kwa sababu ya dislokesheni, lakini zikijaa zinazuiana, ndo maana waya wa kufungia nondo ukiupinda unakuwa mgumu palepale. Dhahabu ya Geita ikisafishwa kabisa inakuwa laini, sonara anaweka shaba na fedha kuzuia dislokesheni zisitembee, karati 18 ni dhahabu 75% tu.

Na ile almasi ya pinki ya mgodi wa Mwadui ya 1947, karati 54.5 (kwa almasi karati ni uzito) kabla ya kukatwa, watu wanadhani kuna rangi iliingia, wakati upinki wa almasi unatokana na kasoro kwenye mpangilio wa atomi.